Mahindi, mtama na zizi: mzunguko wa mazao ya malisho unavyofanya kazi Dodoma

Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, maziwa yanatafutwa kuliko zamani, na ng'ombe chotara wameongezeka pembezoni mwa jiji, Kongwa na Mpwapwa. Pamoja nao umekuja mjadala wa malisho, nao una maneno yanayogongana. Mnadani Kizota au Msalato utamsikia mmoja akisema panda mahindi, kata mabichi, shindilia shimoni, kiangazi umekimaliza. Mwingine atamjibu kwamba kukata mahindi mabichi ni kuwanyima watoto ugali. Wa tatu ameona kwenye simu video ya shamba la Ulaya: mahindi yanakatwa yote, bua na gunzi, kisha ngano inapandwa palepale nayo inakatwa nzima. Anauliza kwa nini sisi tusifanye hivyo.

Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Kinachokosekana ni mpango unaounganisha vipande hivyo, yaani zao gani likae wapi, mwaka gani, likatwe lini, na shamba lirudishiwe nini baada ya kukatwa.

Tuanze na maneno. Mzunguko wa mazao ni kubadilisha zao katika kipande kilekile cha shamba mwaka hadi mwaka, kwa mpangilio unaojulikana mapema. Kuvuna mmea mzima ni kukata nafaka ingali na unyevu, bua, majani na suke au gunzi kwa pamoja, badala ya kungoja punje zikauke. Hei ni majani yaliyokaushwa mpaka yanavunjika mkononi, na huhifadhiwa penye hewa. Saileji ni majani mabichi yaliyokatwakatwa, yakashindiliwa mpaka hewa ikatoka, yakafunikwa na kuchachuka. Kazi inayofanyika humo ni ileile ya maziwa yanayoganda ndani ya kibuyu: bakteria hula sukari, hutengeneza asidi, na asidi hiyo huzuia kuoza. Hewa ikiingia kazi hiyo huharibika, na karibu makosa yote ya saileji yanatoka hapo.

Kwa nini video ya Ulaya hainakiliki

Uingereza, kwa mfano, mahindi ya malisho hupandwa mwishoni mwa Aprili au Mei na kuvunwa Septemba au Oktoba. Ngano hufuata mara moja, hupita kipindi cha baridi ikiwa ardhini, na inaweza kukatwa nzima Juni au Julai mwaka unaofuata. Inawezekana kwa sababu mvua hunyesha miezi yote na baridi hupunguza maji yanayopotea udongoni.

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuisha Aprili, na maeneo mengi hupata milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka. Kuanzia Mei hadi Novemba udongo ni mkavu na jua ni kali. Zao la pili baada ya mahindi halina maji ya kuliotesha, isipokuwa kwa mwenye kisima na umwagiliaji, na huyo mara nyingi atapata fedha zaidi kwa mboga au zabibu kuliko kwa majani. Ngano nayo inataka baridi, ndiyo maana hapa nchini inalimwa Hanang, Karatu na nyanda za juu za kusini. Haikuumbiwa nchi hii ya joto.

Kongwa wanaijua bei ya kuleta mpango wa mbali bila kuusomea udongo. Mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza ulianza pale mwaka 1947 ukiwa na matrekta na fedha nyingi. Udongo ukakauka ukawa mgumu kuvunja, mvua zikakatika, na mwaka 1951 ukafutwa. Shamba dogo la malisho linaweza kuanguka kwa sababu zilezile.

Kwa hiyo kwetu mzunguko hauwezi kuwa wa mazao mawili ndani ya mwaka mmoja. Unakuwa wa miaka mitatu au minne, na kazi ambayo ngano na shayiri hufanya Ulaya hapa inafanywa na mtama na uwele.

Mahindi au mtama?

Hapa ndipo watu wengi hupoteza msimu. Mahindi hutoa saileji tamu yenye nguvu nyingi pale yanapopata maji. Tatizo ni siku zake za hatari. Mahindi ya muda mfupi hutoa mbelewele na ndevu kati ya siku 50 na 60 baada ya kuota. Ukipanda katikati ya Desemba, siku hizo zinaangukia katikati ya Februari, na ndicho kipindi ambacho mvua ya Dodoma huwa na desturi ya kukatika wiki mbili au tatu. Mahindi yakikosa maji wakati wa ndevu, gunzi linabaki na punje za kuhesabika hata kama mvua ya Machi itakuwa nzuri. Kilichopita hakirudi.

Mtama husubiri. Ukame ukija hukunja majani, nta iliyo juu ya jani hupunguza maji yanayopotea, ukuaji unasimama, na mvua ikirudi mmea unaendelea. Uwele unavumilia zaidi ya mtama kwenye kichanga cheupe chenye joto. Kwa shamba la juu lenye kichanga, uwele. Kwa udongo wa kati, mtama. Mahindi yabaki pale maji yanapokaa: pembezoni mwa mbuga, yaani bonde la udongo mzito unaotuamisha maji, chini ya makinga maji, au mahali penye samadi nyingi za miaka iliyopita.

Mbegu za mtama zina tofauti inayohusu malisho. Macia ni fupi na hukomaa mapema, na majani yake hubaki ya kijani wakati punje zinakauka, sifa nzuri kwa mfugaji. Pato na Tegemeo ni ndefu zaidi na hutoa majani mengi kwa ekari. Mbegu za asili kama Lugugu mara nyingi ni ndefu, hivyo zinajaza shimo, ila nyingi zinachelewa na mvua ikikatika mapema zinakutwa bado. Kituo cha TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Hombolo kinafanyia utafiti mtama na uwele, na TALIRI (taasisi ya utafiti wa mifugo) Mpwapwa wanashughulika na malisho yenyewe. Kote kuwili panafaa kuuliza kabla ya kununua mbegu.

Kwa malisho, mtama hupandwa mnene kidogo kuliko wa chakula: mistari ya sentimita 60, mche hadi mche sentimita 15, mbegu kilo 5 hadi 6 kwa ekari. Mahindi usiyabane. Sentimita 75 kwa 30, mmea mmoja kila shimo, yanatosha kwa mvua yetu. Anayebana mahindi ili apate majani mengi huishia na mabua membamba yasiyo na gunzi, na nguvu ya saileji ya mahindi imo kwenye punje.

Mmea mzima ukiondoka, shamba linapoteza nini

Ukivuna punje na kuacha mabua, unaondoa sehemu ndogo ya rutuba. Ukikata mmea mzima unaondoa karibu yote iliyokuwa juu ya ardhi.

Chukua ekari iliyotoa tani 5 za mahindi mabichi ya saileji. Huondoka na takribani kilo 18 hadi 20 za naitrojeni, na karibu kiasi hichohicho cha potasiamu. Kama ekari hiyo ingevunwa punje tu, tuseme magunia 5 ya kilo 100, potasiamu iliyoondoka isingezidi kilo 2 hivi, kwa sababu sehemu yake kubwa imo kwenye bua na majani. Fanya hivyo miaka mitatu mfululizo kwenye kichanga cha Chamwino bila kurudisha kitu, na mwaka wa nne mtama utaota wa manjano, mwembamba, na utaanguka kwa upepo. Watu husema udongo umechoka. Udongo umehamia zizini.

Ndiyo maana samadi ndiyo nusu ya pili ya mavuno ya mmea mzima. Kiwango kinachofaa ni tani 2 hadi 3 za samadi iliyokauka kwa ekari kabla ya zao la saileji. Ng'ombe wawili wanaofungiwa hutoa tani 2 hadi 3 kwa mwaka mzima, kwa hiyo hazitoshi kutawanya kila mahali. Zote ziende kwenye kipande kitakachokatwa mmea mzima. Tandika zizi kwa masalia ya mabua ili yanyonye mkojo, maana potasiamu nyingi na naitrojeni ya haraka zimo kwenye mkojo, na kwenye zizi lisilo na matandiko huishia chini ya matope. Rundo la samadi lifunikwe kwa nyasi au turubai mbovu. Samadi iliyoanikwa juani miezi minne imepoteza sehemu kubwa ya naitrojeni yake hewani.

Mbolea ya dukani inaweza kusaidia kwa kipimo kidogo: kizibo kimoja cha soda kwa shimo, udongo ukiwa na unyevu, mimea ikifika magotini. Usimwage naitrojeni nyingi mwishoni mwa Januari ukiwa umeshaona mawingu yanapotea. Nitaeleza sababu tukifika kwenye sumu.

Kubadilisha mahindi kwa mtama si mzunguko

Hili ndilo kosa linaloonekana la busara kuliko yote. Mkulima anasema mwaka jana nililima mahindi, mwaka huu mtama, mwakani uwele, nimezungusha. Mazao yote matatu ni ya ukoo mmoja wa nyasi. Yanakula chakula kilekile udongoni, yanashambuliwa na funza wa mabua walewale, na zaidi ya yote yote yanalisha kiduha.

Kiduha, lile gugu la maua ya zambarau au mekundu, hujishikiza kwenye mizizi ya nafaka na kunyonya kabla hata halijatokeza juu. Ukiliona, uharibifu umekwisha kufanyika. Mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, na mbegu hizo hukaa udongoni zaidi ya miaka kumi zikingoja mzizi wa nafaka. Kunde, karanga na alizeti huziamsha baadhi ya mbegu hizo, zikaota, zikakosa mzizi wa kunyonya, zikafa. Kwa hiyo mwaka wa kunde na mwaka wa alizeti ni miaka ya kupunguza akiba ya kiduha, hata kama bei ya kunde mwaka huo si nzuri. Gugu lenyewe ling'olewe kabla halijatoa maua, lisiende zizini, kwa sababu mbegu zake husambaa na samadi mbichi. Kuna pia ndugu yake mwenye maua ya njano anayeshambulia kunde na njugu mawe. Ukimwona, weka alizeti au zao jingine lisilo la ukoo wa kunde kwenye kipande hicho mara ijayo.

Hesabu inaanzia mdomoni mwa ng'ombe

Mpango mzuri haupangwi kuanzia mbegu. Unapangwa kuanzia miezi ya njaa, ukirudi nyuma.

Tuchukue ng'ombe chotara wawili wa maziwa, wenye uzito wa kama kilo 400 kila mmoja. Ng'ombe wa namna hiyo anahitaji kilo 10 hadi 12 za chakula kikavu kwa siku, ukiondoa maji yaliyomo. Saileji nzuri ina theluthi moja hivi ya kitu kikavu, kwa hiyo kilo 20 za saileji zinampa kilo 6 hadi 7. Zinazobaki zitoke kwenye hei, mabua na mashudu. Miezi migumu ni kuanzia katikati ya Julai hadi katikati ya Desemba, siku 150. Ng'ombe wawili kwa kilo 20 kwa siku 150 ni kilo 6,000. Sema theluthi mbili tu za shimo ndizo zitakazofika salama na umekuwa mtu wa kukata tamaa mno. Weka asilimia 20 kuwa upotevu na umekuwa mkweli. Kata kilo 7,500.

Kwa mvua yetu, na samadi ikiwepo, tani 5 za mtama mbichi kwa ekari ni makisio ya tahadhari. Tani saba na nusu ni ekari moja na nusu.

Sasa protini. Saileji ya mtama ina protini asilimia 6 hadi 8, wakati ng'ombe anayekamuliwa anataka jumla ya mlo wake ifike asilimia 12 au zaidi. Anayelisha saileji peke yake huona ng'ombe ameshiba, tumbo limejaa, na maziwa yameshuka, kisha analaumu shimo. Pengo hilo linazibwa na hei ya fiwi (mmea wa jamii ya kunde unaotambaa) au kunde, kilo 2 kwa ng'ombe kwa siku, na mashudu ya alizeti. Kilo 2 kwa ng'ombe wawili kwa siku 150 ni kilo 600 za hei. Kwa makisio ya kilo 800 za hei kavu kwa ekari, ni robo tatu ya ekari ya fiwi.

Unaona mzunguko unavyojipanga wenyewe. Ng'ombe anadai nafaka, jamii ya kunde na alizeti. Udongo nao unadai hayohayo matatu kwa sababu zake.

Ekari sita, vipande vinne

Gawa shamba vipande vinne vya ekari moja na nusu. Kila kipande kinapita hatua nne.

Mwaka wa kwanza, mtama wa saileji, pamoja na samadi yote ya zizi. Mwaka wa pili, jamii ya kunde: nusu ya kipande fiwi kwa hei, nusu nyingine kunde, karanga au njugu mawe za nyumbani. Mwaka wa tatu, nafaka ya chakula: mahindi kama kipande kiko mahali penye unyevu, uwele kama ni kichanga cha juu. Mwaka wa nne, alizeti. Kisha mtama tena.

Kwa kuwa vipande ni vinne na kila kimoja kiko hatua tofauti, kila mwaka una mazao yote manne. Nafaka haifuati nafaka hata mara moja. Mahindi yanafuata kunde, yakapata naitrojeni iliyobaki kwenye mizizi. Alizeti ina mzizi mrefu unaochota maji na rutuba ya chini, na huacha shamba limepungukiwa, ndiyo sababu samadi inawekwa baada yake.

Mwenye ekari tatu na ng'ombe mmoja agawe vipande vya robo tatu ya ekari, hesabu ni ileile. Mwenye ekari moja asijibane na hatua nne. Agawe mara mbili, nafaka upande mmoja na kunde upande mwingine, abadilishane kila mwaka, na anunue mashudu.

Jambo la alizeti linasahaulika sana: ukipeleka mbegu kukamua, patana mapema kwamba mashudu ni yako. Wengi huondoka na dumu la mafuta na kumwachia mwenye mashine chakula cha protini ambacho mwezi wa tisa watamrudia kukinunua.

Fiwi inaweza pia kupandwa katikati ya mistari ya mtama wa saileji. Ipande wiki mbili au tatu baada ya mtama kuota, la sivyo itaupanda mtama na kuulaza. Ndani ya shimo isizidi theluthi moja ya mzigo, maana majani ya jamii ya kunde yana sukari kidogo na hukataa kuchachuka vizuri yakiwa peke yake. Hei ya fiwi hukatwa inapoanza kutoa maua, mwishoni mwa Aprili mvua zikiisha, ikaanikwa siku chache na kugeuzwa asubuhi kukiwa na umande kidogo. Ukiigeuza saa saba mchana majani yanapukutika na unabaki na vijiti. Protini imo kwenye majani.

Siku ya kukata

Mtama wa saileji hukatwa punje zikiwa unga laini: ukiibonyeza punje kwa kucha haitoi maziwa tena, inatoa kitu kama ugali mbichi, na bado haijawa ngumu. Kwa mtama uliopandwa mapema Desemba, hiyo ni katikati ya Machi hivi. Ukikata kwenye hatua ya maziwa, maji ni mengi, yatachuruzika shimoni na sukari, na saileji itanuka vibaya. Ukingoja punje zigande, zinapita tumboni mwa ng'ombe nzima nzima na utaziona kwenye kinyesi. Kukata mapema namna hii kuna faida nyingine: kweleakwelea wanapata siku chache za kula.

Kwa mahindi, vunja gunzi katikati utazame punje. Kuna mstari kati ya sehemu ngumu ya juu na sehemu ya maziwa ya chini. Ukifika nusu ya punje, kata.

Pima unyevu kwa mkono. Chukua majani yaliyokatwakatwa, yakamue kwa ngumi nusu dakika, fungua. Maji yakidondoka, subiri siku chache. Donge likibaki na umbo lake na kiganja kikiwa na unyevu tu, ni leo. Donge likifumuka mara moja, umechelewa, na utahitaji kukata vipande vifupi zaidi na kushindilia mara mbili.

Acha kisiki cha sentimita 15. Udongo ukiingia kwenye saileji huleta bakteria wa kuozesha.

Shimo lililo pana ni hasara

Ushauri mwingi unasema chimba shimo la mita 2 kwa mita 2. Kwa mwenye ng'ombe wawili, shimo hilo litaoza. Mita moja ya ujazo iliyoshindiliwa kwa miguu huwa na kama kilo 500. Ng'ombe wawili wanakula kilo 40 kwa siku, yaani sehemu ndogo kabisa ya uso wa shimo pana, na uso uliofunguliwa kwenye joto la Oktoba huanza kupata moto na ukungu ndani ya siku mbili. Unapaswa kumega angalau sentimita 10 za uso mzima kila siku. Kwa kilo 40, uso huo ni mita 1 upana na sentimita 80 kina. Kwa tani 7 na nusu chimba mitaro mitatu ya namna hiyo, kila mmoja urefu wa mita 6 na kitu, na ufungue mmoja baada ya mwingine.

Chagua mahali palipoinuka, tandika nailoni, jaza tabaka za sentimita 15 hadi 20 za majani yaliyokatwa vipande vya sentimita 1 hadi 3, na shindilia kila tabaka kwa miguu au pipa lililojazwa maji, hasa kwenye kingo. Mtaro mmoja ujazwe na kufungwa ndani ya siku moja, mbili zikizidi sana. Funika kwa nailoni, kisha udongo wa sentimita 20 hadi 30, na chimba mfereji wa maji kuzunguka. Asiyekuwa na watu au mashine atumie mifuko ya nailoni nzito, ajaze mfuko mmoja kwa lishe ya siku moja, na aihifadhi penye kivuli pasipo na panya. Tundu moja la panya huozesha mfuko mzima.

Molasi si lazima. Mtama na mahindi vina sukari ya kutosha. Inahitajika pale fiwi ikizidi. Mabua makavu yaliyomwagiwa maji na kufukiwa hayawi saileji, kwa kuwa hayana sukari ya kuchachua. Yakatwekatwe na kulishwa makavu pamoja na mashudu.

Subiri wiki sita. Saileji nzuri ina rangi ya kijani iliyofifia kuelekea kahawia na harufu ya uchachu safi. Ikiwa ya kahawia iliyokolea na inanuka kama tumbaku, ilipata moto kwa sababu ya hewa. Ikiwa nyeusi yenye utelezi na harufu ya kuoza, ilikuwa na maji mengi. Sehemu yenye ukungu itupwe, hasa kwa ng'ombe wenye mimba.

Mtama unaua ng'ombe?

Ndiyo, ukiwa mchanga. Mtama ulio chini ya sentimita 60, na hasa machipukizi yanayotoka kwenye visiki baada ya kukata, huwa na kemikali inayogeuka sayanidi tumboni. Hatari ni kubwa zaidi mmea ukiwa umenyauka kwa ukame kisha mvua ikaupata. Ng'ombe hupumua kwa haraka, hutetemeka, hutoa povu na anaweza kufa ndani ya dakika chache. Daktari wa mifugo aitwe saa hiyohiyo. Kinga ni kutoruhusu mifugo, pamoja na ya jirani, kuingia kwenye visiki mpaka machipukizi yapite kimo hicho. Kukausha kuwa hei na kuchachusha wiki sita hadi nane hupunguza sumu hiyo sana.

Uwele hauna sumu hiyo. Ila uwele, mtama na mahindi vyote, vikipata naitrojeni nyingi kisha ukame, hulimbikiza nitreti sehemu ya chini ya bua. Hiyo ndiyo sababu ya kutomwaga mbolea wakati mawingu yanapotea. Zao lililopigwa na ukame likatwe juu kidogo, kisiki cha sentimita 25 au 30.

Na hapo tunarudi kwa yule wa mnadani anayehofia ugali wa watoto. Hofu yake ni ya haki, na kipande cha mahindi ndicho kinachoijibu. Mwishoni mwa Februari kikague. Ndevu zikiwa zimepata mvua na magunzi yanajaa, ni chakula cha familia, usikikate. Ndevu zikiwa zimekauka na magunzi matupu, usingoje magunia mawili ya Mei. Kata sasa, wakati majani bado ya kijani, kishindiliwe kiwe mtaro wa nne. Kama ulipulizia dawa ya viwavijeshi vamizi, hesabu kwanza siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa.

Mahindi yenye ukungu yasiyofaa kwa binadamu usimpe ng'ombe. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara, na mahindi yaliyopata ukame shambani ndiyo hushambuliwa zaidi. Ng'ombe akila sumu hiyo, sehemu yake hutoka kwenye maziwa anayokunywa mtoto.

Kwa anayetaka kuanza msimu ujao, kazi ya kwanza ni Septemba: kupima vipande kwa kamba, kuvichora kwenye daftari na kuandika kila kimoja kililimwa nini mwaka huu na kiduha kilionekana wapi. Oktoba, samadi ihamishiwe kwenye kipande cha mtama na kufunikwa. Novemba, mitaro ichimbwe kabla jembe halijahitajika shambani, na badala ya kuberega tu, yaani kuparua shamba na kupanda bila kulima, kipande cha mtama kitifuliwe na kuwekwa matuta yaliyofungwa kwa vituta vya kukingama ili mvua ya kwanza isikimbie. Mtama uingie ardhini mvua za kwanza zikilowesha udongo vizuri, fiwi wiki mbili au tatu baadaye, na nailoni inunuliwe Februari, kabla ya Machi ambapo kila mwenye mtaro anaitafuta.